Vijumba vya mteremkoni: mlima usichongwe

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu wanaotaka kujenga vijumba vidogo vya wageni kwenye miteremko yenye msitu. Naanza na swali lisiloisha kuletwa.

Mteremko wangu ni mkali. Niweke msingi gani?

Mkali kiasi gani? Kila mara swali hili hunifikia bila kipimo hata kimoja. Chukua kamba, inyooshe mlalo kwa mita 10, usiilaze juu ya ardhi, kisha pima umepanda kiasi gani. Ukipanda mita 3, huo ni mteremko wa asilimia 30, yaani nyuzi 17 hivi. Msichanganye asilimia na nyuzi: asilimia 100 ni nyuzi 45 tu. Nieleze pia udongo wako ni wa aina gani, na mvua ikinyesha maji yanapita wapi. Bila hayo, atakayekutajia msingi anabahatisha.

Fundi anataka tuchonge mlima kwa tingatinga, udongo tuumwage upande wa chini ili tupate uwanja bapa. Tumkubalie?

Msikubali. Nusu ya kijumba itakaa juu ya ardhi iliyoshikana tangu zamani, na nusu juu ya kifusi. Kifusi hutitia, ile ardhi nyingine haititii. Niliwahi kupiga magoti ndani ya kijumba kilichojengwa hivyo: ufa ulianzia mlangoni, ukapita chini ya kitanda hadi ukuta wa pili, na kidole changu kiliingia. Ulifuata kabisa mstari ambapo kifusi kilikutana na ardhi ya asili. Mwenyewe alikuwa ameuziba kwa saruji mara mbili. Na pale mlima ulipokatwa, nyuma ya nyumba, maji yalikuwa yanachuruzika ukutani hata siku isiyo na mvua.

Simamisha kijumba juu ya nguzo, ardhi uiache ilivyo. Chukua kijumba cha mita 4 kwa 6 kwenye mteremko huo wa asilimia 30. Upande mrefu ukifuata kontua, yaani mstari unaokata mteremko bila kupanda wala kushuka, tofauti ya ardhi kati ya nyuma na mbele ni mita 1.2. Ukikigeuza kielekee bondeni, inakuwa mita 1.8, na nguzo za mbele zinarefuka bure. Hizo ndefu zifungwe kwa mbao za mshazari. Ila msizidharau zile fupi za upande wa mlimani: hazipindi kwa urahisi, kwa hiyo tetemeko likija ndizo hubeba msukumo mkubwa na kuvunjika kwanza. Hapo muiteni mhandisi, hata kama kijumba ni kidogo.

Naweza kukata miti michache ya mbele wageni waone bonde?

Punguza matawi, shina liache. Mti ukikatwa, mizizi yake huendelea kushika udongo kwa muda, kisha huoza polepole. Mteremko unaweza kuporomoka miaka kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka tena msumeno.

Hata kuchimba kuna madhara. Sehemu kubwa ya mizizi imo ndani ya sentimita 60 za juu, na huenea kupita kivuli cha mti. Mashimo ya nguzo yachimbwe kwa mkono. Mkikuta mzizi mnene kama mkono wa mtu, sogezeni shimo, na mchoro uwe umeruhusu hilo tangu mwanzo.

Mita za mraba 24 zinawatosha wageni wawili?

Zinatosha. Bafu liwe upande wa mlimani, kitanda kitazame bondeni.

Chini ya sakafu kumebaki nafasi kubwa. Tuweke kuni na mitungi ya gesi?

Hapana, hata kwa siku moja! Moto hupanda mlima mbio kuliko unavyokwenda tambarare. Wazima moto wa misituni hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za mwinuko huongeza kasi yake mara mbili. Cheche zikipeperushwa chini ya sakafu zisikute kitu cha kushika. Fagieni majani makavu, zungushieni wavu wa chuma wenye matundu madogo. Na wageni wawe na njia mbili za kutokea. Nimeona michoro mingi yenye ngazi moja tu, nayo inapita juu ya jiko.

Maji ya paa tuyaachie yadondoke tu?

Paa la mita za mraba 30, mvua ya milimita 50: lita 1,500. Vijumba kumi, lita 15,000, na yote yanamwagika juu ya nguzo za jirani wa chini. Yakusanyeni kwenye tangi, na yanayofurika yapelekwe kwa bomba hadi kwenye mkondo wa mawe. Shimo la kunyonya maji, lile la kuyaacha yazame ardhini, lisikae upande wa juu wa kijumba chochote.

Na tangi la maji ya choo?

Chini ya vijumba vyote, mbali na chemchemi, mahali gari la kunyonya litafika. Kama hakuna mahali pa hivyo, tatueni hilo kabla hamjachora chumba cha kwanza.