Tolaransi haiguswi, wadogo zangu

Ninyi mnaoanza kazi ya modeli za kompyuta za tishu laini za mwili, zinazogawanywa vipande vidogo viitwavyo elementi na kuunganishwa kwenye pointi ziitwazo nodi, wiki hii nimeona tena kosa lilelile hapa kwetu Raskazone, Tanga, na safari hii sinyamazi. Modeli ikigoma kukonvaji, yaani hesabu zake kutulia kwenye jibu, mkono wa kwanza unakimbilia tolaransi, kiwango cha kosa kinachokubalika. Acheni!

1. Vipimo kwanza. Ukitumia milimita na nyutoni, mkazo unasomeka kwa megapaskali. kPa 10 inaandikwa 0.01.

2. Tolaransi. Kijana wetu mmoja, mchapakazi kwelikweli, alikuwa anagandamiza gegedu la goti kwa silinda ya chuma yenye uso bapa, mzigo nyutoni 50. Solva, sehemu ya programu inayopiga hesabu, inakata hatua za mzigo ziwe ndogo, inakata tena, mwisho inakata tamaa. Abaqus, programu tunayotumia, huanza na tolaransi ya 0.005 kwa mabaki ya nguvu (nguvu ambazo bado hazijasawazishwa); yeye akapandisha hadi 0.2. Ikapita. Picha ikatoka na rangi zake nzuri, akaiweka kwenye ripoti. Nikamwambia, "Hebu jumlisha nguvu za mjibizo kwenye nodi za chini." Zikaja 38. Nyutoni 12 zimekwenda wapi? Akanyamaza, na roho iliniuma, maana alikesha na kazi hiyo huku umeme unakatika.

Tukafungua hatua ya mwisho kabla ya kugoma, tukakuza pale kwenye ukingo wa silinda. Elementi moja imebinywa mpaka pembe zake zimepishana: jakobiani hasi, yaani hesabu inaiona elementi imejipindua. Ukingo wenyewe ulichorwa mkali kama wembe. Tukauviringisha, tukaweka meshi ndogo (elementi ndogo zaidi) hapo tu, tukarudisha 0.005. Mabaki yakashuka 10⁻¹, 10⁻², 10⁻⁴. Hivyo ndivyo Newton-Raphson, njia ya solva ya kukaribia jibu kwa kurudia hesabu, inavyoshuka ikiwa na afya. Ikitambaa, shuku tanjenti ya materiali (jinsi mkazo unavyobadilika tishu ikinyooshwa), hasa kama umeiandika mwenyewe.

3. Uwiano wa Poisson ukifika 0.499, yaani tishu karibu haibadiliki ujazo, elementi za kawaida zinajifunga, zinakuwa ngumu kupita kiasi. Tumia elementi za mseto, zinazokokotoa shinikizo peke yake.

4. Sukuma kwa uhamisho mpaka miili iguse, ndipo uweke nguvu. Mwili usioshikwa popote hauna ukakamavu wa kuuzuia, solva itaupeperusha.

5. Nyuzi za kolajeni zibebe nguvu ya kuvutwa tu, si ya kugandamizwa, kama ilivyo kwenye modeli ya Holzapfel, Gasser na Ogden ya mwaka 2000.

Na lile faili la ujumbe la Abaqus (.msg) lisomeni, jamani. Namba ya elementi iliyoharibika imo humo; ikuzeni muitazame kabla hamjanipigia simu.