Plastiki ya kulinda rangi ya gari: brashi ya chuma isikushawishi

Mara ya kwanza kuvisha gari langu plastiki ya kulinda rangi, kilichonishawishi ni brashi ya chuma. Muuzaji mmoja hapa Kampala alisugua kipande mbele yangu mpaka kikajaa michirizi, akakimwagia maji moto, michirizi ikapotea. Nililipa siku ile ile. Baada ya mwaka na nusu wa safari za Moroto, bampa na sehemu za chini za milango zilikuwa na ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Maji moto hayakurudisha kitu.

Nilichelewa kuelewa kwamba haya ni mambo mawili. Mchirizi mwepesi ni mfereji mdogo kwenye ngozi ya juu ya poliuretani, yaani plastiki yenyewe. Ikipata joto, inajinyoosha. Kusagika ni kupungua, na kilichoondoka hakirudi. Vumbi letu jekundu limebeba chembe za mchanga mgumu kuliko plastiki yoyote. Kijana wa kuosha magari akipitisha kitambaa kabla ya kumwaga maji, anapiga msasa.

Kwa hiyo dai karatasi yenye matokeo ya majaribio ya kusagika. Kipimo kinachotumika sana ni ASTM D4060, kwa mashine ya Taber: kibao kinazungushwa chini ya magurudumu mawili ya kusaga, kisha kinapimwa kimepungua miligramu ngapi. Namba peke yake haitoshi. Gurudumu lipi? CS-10 si kali kama CS-17. Mzigo wa gramu 500 au 1,000? Mizunguko mingapi? Niliwahi kuonyeshwa karatasi mbili, moja ikijisifu kwa upungufu mdogo, kumbe mzigo wake ulikuwa nusu ya mwenzake! Na kwa kuwa plastiki hii ni angavu, mimi huuliza pia ukungu uliongezeka kiasi gani baada ya kusagwa, kwani hicho ndicho jicho litakachokiona. Kokoto zinazorushwa na malori zina kipimo chao, SAE J400, ambapo changarawe hupulizwa kwa hewa. Kufaulu kimoja si kufaulu kingine.

Fundi asipokuwa na karatasi, mwombe vipande. Mimi hubandika aina mbili sambamba kwenye boneti chakavu, nafunga nusu tofali kwa kitambaa kibichi, nanyunyiza vumbi la barabarani, kisha nalivuta mara 200 juu ya kila kipande bila kukandamiza, uzito wa tofali ufanye kazi. Kila kipande kipate kitambaa safi na vumbi jipya kiasi kile kile, la sivyo unajidanganya. Naosha, naacha juani mchana kutwa ili michirizi myepesi ijifute, jioni namulika tochi kwa mshazari. Ukungu unaobaki ndio jibu.

Mara ya mwisho, aina ya bei nafuu ndiyo iliyobaki angavu, ingawa zote mbili zilikuwa na unene wa maikroni 200 hivi, yaani sehemu ya tano ya milimita. Nimeibandika hiyo, na kijana anayeniosheia namwongeza kidogo ili aanze na maji mengi, kitambaa kifuate.