Puru Ikitoka Nje: Ulizeni Haya Kabla ya Kusaini Fomu ya Upasuaji

Dada mmoja ameniandikia kuhusu mama yake aliyevuka miaka 70. Kila akienda haja kubwa, nyama inatoka na lazima airudishe kwa mkono. Ameshapaka dawa za bawasiri, ameshakalia maji ya chumvi, na sasa ameambiwa aende "kukatwa kinyama". Namjibu hapa kwa sababu wengi mnaye mgonjwa kama huyu nyumbani, na aibu inawafunga mdomo.

Kabla ya yote, hakikisheni ni nini kinachotoka. Puru ni kipande cha mwisho cha utumbo mpana. Ikishuka, ukuta mzima wa utumbo hutoka nje, na ukitazama kwa karibu utaona mikunjo ya mviringo, duara ndani ya duara, na tundu katikati. Bawasiri hutokeza kwa vinundu vilivyogawanywa na mistari inayoanzia katikati kwenda pembeni, kama chungwa lililomenywa. Puru ikikatwa kwa kudhaniwa bawasiri, itaendelea kushuka, na misuli inayobana choo inaweza kuumia zaidi. Shida ni kwamba mgonjwa akilala kitandani kwa daktari, mara nyingi hakitoki kitu. Mpigeni picha kwa simu nyumbani wakati imetoka, au mwombeni daktari amruhusu ajikamue chooni, kisha amwangalie hapo hapo. Kwa mtu mzima, kipimo cha kamera ya utumbo mpana kisirukwe, maana wakati mwingine ni uvimbe unaoivuta puru chini. Kwa mwanamke, waangalie pia kama kizazi na kibofu navyo vimelegea.

Ikikataa kurudi, mlazeni ubavu, magoti yakunjwe kifuani. Vaeni glavu, funikeni kwa kitambaa safi chenye unyevu, kisha bonyezeni taratibu pande zote kwa dakika kadhaa bila kuachia. Ikiwa imevimba, inyunyizieni sukari ya kawaida ya mezani na msubiri kama dakika 15. Sukari hunyonya maji, uvimbe ukapungua. Lakini rangi ikigeuka zambarau au nyeusi, au maumivu yakizidi, acheni kila kitu mkimbilie hospitali. Hapo utumbo unakosa damu.

Sasa upasuaji. Njia ni mbili, kupitia tumboni au kupitia chini.

Ya tumboni, kwa kufungua au kwa matundu madogo, inahitaji nusu kaputi. Puru huvutwa juu na kushikizwa kwenye mfupa wa sakramu, ulio juu ya kifandugu, kwa nyuzi au kwa wavu wa kitabibu. Muulizeni daktari atachimba upande gani. Akizunguka nyuma na pembeni mwa puru, yuko karibu na neva zinazoendesha kibofu, nguvu za kiume na mwendo wa choo. Zikiguswa, mgonjwa anaweza kutoka na choo kigumu kuliko alichoingia nacho. Ndiyo maana njia aliyoieleza daktari wa upasuaji André D'Hoore wa Leuven, Ubelgiji, mwaka 2004 imependwa: inachimba mbele tu, na wavu hushonwa kwenye uso wa mbele wa puru. Wavu nao una lake. Kwa wachache hula taratibu hadi kwenye uke au utumbo, hata baada ya miaka. Mgonjwa mwenye choo kigumu sana anaweza kukatwa pia kipande cha utumbo kilichorefuka, ila hapo ncha za utumbo huunganishwa, na mahali palipounganishwa panaweza kuvuja.

Ya chini hufanyika hata kwa ganzi ya mgongoni, kwa hiyo humfaa mzee mwenye moyo au mapafu dhaifu. Puru fupi hufanyiwa operesheni iitwayo Delorme: ngozi laini ya ndani huchunwa, kuanzia kama sentimita 1 juu ya mstari wa meno (mpaka ulio ndani ya njia ya haja, ngozi ya nje inapokutana na utando wa utumbo), na msuli uliobaki hukunjwa kwa nyuzi kama pazia. Puru ndefu, au iliyokosa damu, hufanyiwa ya Altemeier: utumbo uliozidi hukatwa wote na ncha mbili kuunganishwa. Homa, mapigo ya haraka na maumivu chini ya tumbo katika wiki ya kwanza ni dalili za kuvuja. Msisubiri tarehe ya kliniki.

Madaktari wengi huona puru hurudi mara chache zaidi ikishikizwa kwa juu. Hata hivyo, utafiti wa PROSPER wa Uingereza, uliotoa matokeo mwaka 2013, haukuona tofauti kubwa. Basi afya ya mgonjwa na hali ya choo chake viamue, msishindane juu ya majina ya operesheni. Ile ya kuzungusha waya au uzi kwenye njia ya haja, ya Thiersch, mimi naiona ni ya mwisho kabisa: waya hukatika, huchoma ngozi, na choo hukwama nyuma yake.

Mtoto mdogo ni habari nyingine. Wengi hupona bila kisu wakitibiwa minyoo ya tumboni, kuhara, utapiamlo au choo kigumu, na akiacha kukalishwa poti muda mrefu.

Baada ya upasuaji, choo kiwe laini kila siku kwa maji, nyuzinyuzi na dawa kama laktulosi. Asinyanyue ndoo ya maji kwa wiki 6. Asiwekewe enema (maji au dawa ya kusukumwa kupitia njia ya haja) bila idhini ya daktari wake. Kama alikuwa anavujisha choo, misuli hurudi polepole kwa miezi, na si kwa wote. Mwambieni hivyo mapema, asije akadhani operesheni imeshindikana.

Na tafadhalini sana, msitoke wodini bila nakala ya maelezo ya upasuaji. Puru inaweza kurudi, na aliyefanyiwa ya Altemeier akikatwa tena utumbo kupitia tumboni, kipande kilichobaki katikati kinaweza kukosa damu kikaoza. Daktari wa pili lazima ajue wa kwanza alikata wapi.