Je, tunaweza kukataa kulipa kodi ya ardhi mpaka mtaro wetu utengenezwe?

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha wenye nyumba upande wa Kaptembwa, Nakuru. Kodi ya ardhi tunalipa, leseni za biashara tunalipa, lakini mvua ikinyesha maji yanaingia hadi sebuleni kwa sababu mtaro wa barabara yetu umejaa mchanga. Tukiuliza tunaambiwa pesa zimeishia kwenye mishahara. Wanachama sasa wanataka tusilipe kodi mpaka mtaro utengenezwe. Wanauliza pia: sisi ni jiji, kwa nini bodi ya jiji isitumie hapa pesa inazokusanya hapa?

JIBU: Bwana Katibu, nianze na mgomo wa kodi, maana huo ndio utakaowaumiza haraka. Waambie wanachama waachane nao. Kodi ya ardhi hailipiwi huduma fulani kama bili ya maji. Ni deni linaloikalia ploti yenyewe, na ukichelewa linaongezwa riba. Siku mwenye ploti atakapotaka kuuza ataulizwa cheti cha kaunti kinachoonyesha hadaiwi, na asipokuwa nacho uhamisho unakwama kwa msajili wa ardhi. Mtaro utakuwa bado umeziba, na mwanachama atakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Na mkikagua risiti zenu, hakikisheni ni za kaunti. Wenye hati za kukodishiwa ardhi wana malipo mawili: moja ni la serikali kuu, na kodi hii ni ya kaunti. Kuna watu wanaoapa wamelipa kila mwaka, kumbe wamekuwa wakilipa upande mmoja tu.

Sasa hilo la bodi. Wengi wetu bado tunasema "kanjo", yaani baraza la mji la zamani, na fikra ndiyo hiyo hiyo: ofisi yenye meya, madiwani na akaunti yake benki. Kanjo ilikufa Machi 2013 kaunti zilipoanza. Nakuru ilipokabidhiwa hati ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021 haikurudishiwa mamlaka hayo. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 inasema usimamizi wa jiji ni wa serikali ya kaunti, na bodi, isiyozidi watu 11, pamoja na meneja wa jiji, wanaliendesha kwa niaba yake. Hata kazi ya kukusanya ada, bodi huifanya kwa kukasimiwa na kaunti. Wasomaji wa Kisumu, jiji tangu 2001, na wa Eldoret, waliopata hati yao Agosti 2024, wako chini ya sheria hiyo hiyo.

Kwa hiyo shilingi mnayolipa Kaptembwa haibaki Kaptembwa. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato yote ya kaunti yaingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa yale yaliyotengwa na sheria ya Bunge, na hakuna senti inayotoka humo bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Hospitali za umma ziliruhusiwa kwa sheria ya 2023 kubaki na zinachokusanya. Majiji bado hayajapata nafuu ya namna hiyo, na kwa maoni yangu yanastahili angalau sehemu. Mpaka hapo, bodi inatumia kile tu ambacho bunge la kaunti limeitengea kwenye bajeti, hata kama asubuhi hiyo imekusanya mara mbili yake.

Jibu la mishahara mliloambiwa ni nusu ya ukweli. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato yote, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka maendeleo yapate angalau asilimia 30. Kaunti nyingi huvuka hiyo 35. Lakini angalieni ni mishahara ya nani. Tangu ugatuzi, wauguzi, madaktari na wahudumu wengine wa afya wako kwenye orodha ya kaunti, pamoja na wafanyakazi waliorithiwa kutoka mabaraza ya zamani. Yule mama anayefagia barabara na kijana wa koleo mara nyingi ni vibarua wa mkataba mfupi. Mikataba hiyo inafanywa mifupi kwa sababu, miongoni mwa mengine, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa kibarua anayefanya kazi mfululizo haki za mwajiriwa wa kawaida. Mkataba ukiisha, kikosi cha mitaro kinavunjika hadi kingine kiajiriwe. Meneja wa jiji naye hana ruhusa ya kuajiri wa kudumu anavyotaka. Hiyo ni kazi ya Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Mkimgombeza kwa kukosa watu, mnamgombeza asiyeshika kalamu.

Hapa ndipo maombi ya wananchi huharibika. Mkiandika "tutengenezeeni mtaro" mmechanganya kazi mbili zinazolipwa kutoka mifuko miwili. Kuzibua mtaro uliopo ni matumizi ya kawaida: vibarua, makoleo, dizeli ya lori. Hakuna zabuni kubwa, na kunaweza kufanyika mwaka huu huu ikiwa fungu la usafi au la matengenezo lina kitu. Kujenga mtaro mpya wa mawe, au kubadilisha kalvati (bomba kubwa linalopitisha maji chini ya barabara), ni mradi wa maendeleo. Usipokuwa kwenye mpango wa mwaka na kwenye bajeti, afisa hawezi kuutangaza hata akiwa shemeji yako. Barua iliyochanganya yote mawili hupelekwa kwenye faili ya miradi, na kazi ya koleo inasubiri bajeti ya mwaka ujao bila sababu.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, tembeeni mtaro wote kutoka juu hadi unapoishia. Mji wetu umelala kwenye mteremko kati ya mlima wa volkano wa Menengai na Ziwa Nakuru, na udongo wake wa majivu ya volkano ni mwepesi, maji yanaubeba kirahisi. Angalieni mambo machache. Kwenye kila geti, mwenye nyumba ameweka bomba gani la kuvukia gari? Mara nyingi mtaro ulichimbwa vizuri, kisha kila mtu akazika bomba jembamba alilopata, akamwaga zege juu, na mifuko na mchanga ukajikusanya pale. Kalvati ya chini ni ndogo kuliko ya juu? Kama ni hivyo, hata mkizibua kila mwezi maji yatapanda. Na mtaro unamwaga wapi? Upo unaoishia katikati ya kiwanja cha mtu.

Halafu, wakija kuzibua, msikubali mchanga uachwe ukingoni. Ninaona hili kila msimu: vijana wanachota vizuri siku nzima, rundo linabaki pembeni, mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani. Barua yenu iseme wazi kwamba mnaomba kuzibuliwa na mchanga uondolewe kwa lori.

Ulizeni pia barabara ni ya nani. Ile kuu ya Nairobi kwenda Eldoret ni ya mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, na mitaro yake pia. Baadhi ya barabara za mjini ziko chini ya mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini, na zile za mitaani kwa kawaida ni za kaunti. Ofisi isiyo na barabara hiyo itawapokea kwa heshima, itapokea barua, na hakuna kitakachofanyika.

Kwa mtaro mpya, fuateni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, karibu miezi kumi kabla mwaka huo haujaanza. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka viwango vya fedha vya kila idara, hupelekwa kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na bajeti inapaswa kupitishwa kufikia 30 Juni. Watu hujaa kwenye vikao vya Mei kuomba barabara, lakini kufikia hapo viwango vya fedha vya kila idara vimeshawekwa, na ukiingiza mradi lazima utoe wa mwingine. Nguvu zenu ziwekeni Julai na Agosti. Mpelekeeni mwakilishi wadi na idara ya ujenzi jina la barabara, urefu kwa mita, mahali mtaro unapoanzia na kuishia, picha za siku ya mvua, na idadi ya nyumba zinazoingiwa na maji. Ombi lenye mita linakadiriwa gharama; lililojaa malalamiko linawekwa kando.

Mradi ukishaingia kwenye bajeti, msilale. Fedha kutoka Nairobi huchelewa, na mwaka ukiisha bila mkandarasi kulipwa kazi inageuka deni. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa haki ya kujibiwa ndani ya siku 21. Andikeni mkiomba nakala ya ukurasa wa bajeti wenye wadi yenu na hatua mradi ulipofikia. Wasipojibu, ofisi ya Tume ya Haki ya Utawala ndiyo inayopokea malalamiko hayo. Barua itoke kwa jina la chama, nakala iende kwa karani wa bunge la kaunti, na ile mtakayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu siku 21 zinahesabiwa kutoka hapo.