Mteja Amelipa, Seva Inasema Hapana: Pa Kuanzia Uchunguzi

Katika kazi ya kutengeneza programu za simu, hakuna malalamiko yanayoniumiza kama haya: "Nimekatwa pesa lakini huduma haijafunguka." Programu ikiganda, mtu ataifunga na kuifungua tena. Aliyelipa kisha akanyimwa alichonunua hana sababu ya kutuamini tena, na ana haki.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiunganisha programu na API (milango ambayo programu moja hutumia kuiuliza nyingine) za kampuni nyingine, hasa zile za kuhakiki manunuzi ya ndani ya programu kwenye maduka ya Apple na Google, na mara nyingi naitwa na timu zilizokwama. Sehemu kubwa ya hitilafu ninazozikuta huko zina chanzo kimoja: msimbo umeandikwa kana kwamba uhakiki una majibu mawili tu, ndiyo na hapana. Una majibu matatu. La tatu ni "bado sijui".

Seva ya duka ikichelewa mpaka muda wa kusubiri ukaisha, hujui. Ufunguo wako wa kujitambulisha ukikataliwa, hujui pia, maana aliyekataliwa hapo ni wewe. Malipo ya mteja hayajaangaliwa kabisa. Ukipata namba ya kosa 429 kwa kuuliza mara nyingi mno, au 503 kwa sababu seva yao imezidiwa, hujui. Ukipeleka muamala wa majaribio kwenye mazingira halisi, bado hujui. Lakini nikifungua msimbo, mara nyingi hali zote hizi nazikuta zimeelekezwa kwenye tawi moja lililoandikwa "kosa", na tawi hilo humalizikia kwa kumwambia mteja kwamba malipo yake si halali. Ndiyo maana siku hizi naanza kusoma msimbo pale makosa yanaposhughulikiwa, kabla hata ya kuangalia uhakiki wenyewe unafanyikaje.

Pata jibu zima kwanza

Kumbukumbu za seva zinazosema "uhakiki umeshindikana" hazimsaidii mtu. Kabla hujabadilisha mstari hata mmoja, hakikisha seva yako inaandika saa ya ombi kwa UTC, anwani iliyoitwa, namba ya hali ya HTTP, jibu lote kama lilivyokuja, na namba ya ombi iwapo mtoa huduma anaitoa. Funguo na tokeni (vitambulisho vya muda vya kuingilia) zifiche. Herufi chache za mwisho zinatosha kukuwezesha kulinganisha. Kisha rudia ombi lilelile kwa curl (programu ya kutuma maombi ya wavuti kwa amri) ukiwa ndani ya seva yenyewe. Kompyuta yako ina mtandao wake, saa yake na vyeti vyake, kwa hiyo ombi likifanikiwa hapo bado hujajua lolote kuhusu seva.

Jibu likishapatikana, jiulize limekwama hatua gani. Kuna kufika: jina la seva limetambulika, muunganisho wa TLS, yaani uliosimbwa kwa usalama, umekubaliwa, ukuta wa moto haujazuia. Kuna kutambuliwa: hapa ndipo 401 (hujatambuliwa) na 403 (huna ruhusa) zinapotoka. Mwisho kuna maana, yaani ombi limefika, umetambuliwa, na mtoa huduma amekujibu kuhusu muamala wenyewe. Ni hatua hii ya tatu peke yake inayoweza kukupa "hapana" ya kweli. Nimeona timu zikihangaika kuchambua risiti, kumbe saa ya seva ilikuwa imepotoka na kila tokeni waliyotengeneza ilihesabika kuwa imekwisha muda.

Upande wa Apple

Wengi bado wana msimbo unaotumia verifyReceipt, njia ya zamani ya kuhakiki risiti. Apple ilitangaza mwaka 2023 kwamba njia hiyo imepitwa na wakati, na kama unaanza leo usijenge juu yake. Ila kama umerithi mfumo wa zamani, namba zake zinaeleza vizuri. 21007 ina maana risiti ni ya majaribio lakini umeipeleka kwenye mazingira halisi. 21004 ina maana nenosiri la pamoja ulilotuma halilingani na la akaunti. 21002 ina maana data ya risiti ina kasoro, au huduma ya Apple imepata hitilafu ya muda, na kisababishi ninachokutana nacho zaidi ni alama ya kujumlisha iliyomo kwenye Base64 (namna ya kuandika data kwa herufi) kugeuka kuwa nafasi tupu pale risiti inapotumwa kama fomu ya wavuti bila kusimbwa ipasavyo.

Hiyo 21007 inastahili kusemwa zaidi. Wakaguzi wa Apple hupokea toleo lako la mwisho, lile linaloelekea kwa wateja, lakini manunuzi yao hupita kwenye mazingira ya majaribio. Seva yako ikijua mazingira halisi peke yake, mkaguzi atanunua, atakataliwa, nawe utarudishiwa programu. Utaratibu ni kuuliza mazingira halisi kwanza, kisha ukijibiwa kwamba muamala ni wa majaribio, uulize upande wa pili. Kwenye API mpya, App Store Server API, dalili yake ni kosa 4040010, yaani muamala haukupatikana. Mtu akiisoma haraka huiona kama "hapana". Usiifanye "hapana" kabla hujauliza pande zote mbili.

API mpya inataka ujitambulishe kwa JWT, yaani tokeni iliyosainiwa kwa ufunguo wa faili la .p8, ambalo unaweza kulipakua mara moja tu, kwa hiyo lihifadhi mahali salama papo hapo. Ukipata 401, kagua mambo haya kabla ya kushuku kitu kingine: algoriti ni ES256, aud (mlengwa wa tokeni) ni appstoreconnect-v1, bid ni kitambulisho cha programu hiyohiyo unayoiulizia, na muda wa kuisha hauzidi dakika 60 tangu tokeni itolewe. Tena muda wa JWT huhesabiwa kwa sekunde, ilhali tarehe zilizo ndani ya miamala ya Apple ziko kwa milisekunde. Anayetumia kitendakazi kimoja cha muda pande zote mbili huishia ama na tokeni inayokataliwa, ama na usajili unaoonekana utaisha maelfu ya miaka ijayo.

Muamala wenyewe huja ukiwa umesainiwa, katika muundo wa JWS, yaani data ya JSON yenye sahihi. Kuusimbua na kusoma yaliyomo ni rahisi mno, na urahisi huo ndio hatari: mtu yeyote anaweza kukutengenezea JSON inayofanana nao. Hakiki sahihi yake, fuata mlolongo wa vyeti hadi cheti cha mzizi cha Apple ulichokihifadhi wewe mwenyewe, kisha linganisha kitambulisho cha programu na cha bidhaa. Apple inatoa maktaba zake za kazi hii kwa Swift, Java, Python na Node.js. Zitumie. Sioni sababu ya kuandika upya uhakiki wa vyeti kwa mkono.

Upande wa Google

Hapa kinachochelewesha watu ni ruhusa. Akaunti ya huduma, ile ambayo seva yako hutumia kujitambulisha kwa Google, inatengenezwa Google Cloud, lakini hiyo peke yake haitoshi; lazima pia ialikwe ndani ya Play Console na kupewa ruhusa za kuona maagizo na taarifa za fedha. Hata baada ya hapo ruhusa huweza kuchukua muda kuanza kufanya kazi. Ukiwa umehakikisha kila kitu kiko sawa na bado unakataliwa, subiri hadi kesho kabla ya kuanza kuvunja kilichokuwa sahihi.

Mtego wa pili umefichika, na nauona hata kwa wasanidi wazoefu. Kwenye maktaba ya malipo iliyo ndani ya simu, hali ya ununuzi uliokamilika ni 1. Kwenye API ya seva, katika purchases.products, sehemu inayoitwa purchaseState hutumia 0 kwa uliokamilika, 1 kwa uliofutwa na 2 kwa unaosubiri malipo. Yaani namba 1 upande mmoja ni "amelipa" na upande wa pili ni "imefutwa". Ukinakili namba kutoka simu kwenda seva utawanyima wote waliolipa. Wape majina tofauti kabisa katika msimbo wako, na usiruhusu namba tupu ipite kati ya simu na seva.

Halafu kuna kukiri kupokea. Google inakutaka ukiri kila ununuzi mpya ndani ya siku 3, la sivyo mteja anarudishiwa pesa na ununuzi unafutwa. Kwa wajaribio wenye leseni muda huo umefupishwa kuwa dakika chache, jambo linalosaidia sana, kwa sababu hitilafu inajitokeza ukiwa bado umekaa mbele yake. Ukiona malipo ya majaribio yanafutika yenyewe muda mfupi baada ya kununua, usianze kutafuta mdudu kwenye usajili. Tafuta kwa nini ombi la kukiri halikufika. Na ununuzi unaosubiri malipo usiukiri wala usiufungulie huduma. Huyo mteja bado hajalipa, anaweza kulipa baadaye, na muda wa siku 3 huanza kuhesabiwa pale ununuzi unapokamilika.

Arifa ni wito wa kwenda kuuliza

Maduka yote mawili hutuma arifa kwa seva yako usajili unapohuishwa, kusitishwa au kurudishiwa pesa. Kosa la kawaida ni kuziamini arifa kwa mpangilio zilivyofika. Pub/Sub, huduma ya kusambaza ujumbe ambayo Google huitumia, inaahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja, kwa hiyo unaweza kuupokea mara mbili, na wa jana unaweza kuja baada ya wa leo. Apple nayo, kwa toleo la pili la arifa zake, seva yako isipojibu vizuri hujaribu tena mara 5: baada ya saa 1, kisha 12, 24, 48 na 72, kila moja ikihesabiwa tangu jaribio lililotangulia. Arifa ya "usajili umehuishwa" inaweza kukufikia wakati mteja ameshaughairi.

Ninachofanya ni hiki: nahakiki kwamba arifa imetoka kwa mwenyewe, naiandika kwenye hifadhidata pamoja na kitambulisho chake ili inayojirudia itambulike, najibu 200 (yaani nimepokea), kisha kazi inayoendeshwa chinichini inakwenda kuuliza API hali ya sasa ya muamala. Hali ya sasa ndiyo inayoandikwa kwenye akaunti ya mteja. Mpangilio wa kufika unakoma kuwa tatizo.

Kwa watoa huduma wengine wa malipo, arifa kwa kawaida huja na sahihi ya HMAC (inayohesabiwa kwa ufunguo wa siri wa pamoja), na hapo kuna jambo moja linalopoteza muda wa watu wengi. Sahihi huhesabiwa juu ya baiti zilezile zilizotumwa. Mifumo mingi ya wavuti hubadili JSON kuwa kitu cha ndani kabla msimbo wako haujaiona, na ukiirudisha kuwa maandishi, nafasi na mpangilio vinabadilika na sahihi haitalingana kamwe. Timu moja niliyoisaidia ilikuwa imeandika barua ndefu kwa mtoa huduma ikidai ufunguo wake ni mbovu. Ufunguo ulikuwa mzima. Tulihifadhi mwili wa ombi ukiwa mbichi, na arifa zikaanza kupita.

Cha kufanya ukiwa hujui

Rudi kwenye jibu la tatu, maana ndilo linaloamua mteja atatendewaje. Muamala ukiwa katika hali ya "sijui", uweke kwenye foleni na uulize tena kwa vipindi vinavyorefuka, ukiongeza tofauti ndogo ya nasibu ili maombi yote yasigonge mlango kwa pamoja. Ukipewa Retry-After, yaani muda wa kusubiri kabla ya kuuliza tena, iheshimu. Kuuliza hali ni salama kurudia. Kutoza au kurudisha pesa si salama, na huko tumia ufunguo wa kuzuia marudio kama mtoa huduma anaukubali.

Kwenye simu, mwonyeshe mteja ujumbe unaosema unathibitisha malipo na kwamba asilipe tena. Sentensi hiyo ya pili ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa mtu aliyekwama hubonyeza kitufe cha kununua upya. Kwa usajili, mimi hufungua huduma kwa muda mfupi ikiwa simu inaonyesha muamala uliosainiwa na duka, kisha nafunga endapo uhakiki utakuja kukataa. Kwa bidhaa zinazotumika zikaisha, kama sarafu za mchezo, nasubiri, kwa sababu zikishatumika hazirudi.

Usifunge muamala kwenye simu, yaani kuliambia duka kwamba umeushughulikia, kabla seva haijauandika. Kwa StoreKit, maktaba ya manunuzi ya Apple, muamala ambao haujafungwa hurudi programu inapofunguliwa tena. Kwa Google, uliza orodha ya manunuzi kila programu inaporudi mbele ya mtumiaji. Hiyo ndiyo kinga ya mtu ambaye simu yake ilizimika katikati ya malipo. Upande wa hifadhidata, weka sharti kwamba kitambulisho kimoja cha muamala au purchaseToken moja (kitambulisho cha ununuzi cha Google) haiwezi kufungua huduma mara mbili, na uiunganishe na akaunti ya mnunuzi tangu mwanzo kwa appAccountToken upande wa Apple au kitambulisho fiche cha akaunti upande wa Google. Risiti halali inayosambazwa kwa akaunti nyingi hupita uhakiki wowote usiokuwa na sharti hilo.

Jambo la mwisho ni kwa ajili ya wenzetu wanaopokea simu na barua za wateja. Wape ukurasa wa kuingiza namba ya agizo iliyo kwenye risiti ya barua pepe ya mteja. Ya Google huanza na GPA, na unaweza kuihifadhi unapohakiki ununuzi. Ya Apple unaweza kuiuliza moja kwa moja kwenye App Store Server API, nayo itakurudishia miamala iliyosainiwa ya agizo hilo. Ukurasa huo uonyeshe historia yote: lini muamala ulifika, seva ya duka ilijibu nini, na sasa uko katika jibu lipi kati ya yale matatu. Uwe na kitufe kimoja cha kuhakiki upya papo hapo, mteja akiwa bado yuko kwenye simu.