Maneno ya Kiingereza yenye Q bila U
Dada wa Moshi uliyeuliza ufanyeje ukibaki na Q mkononi na U hamna kwenye Scrabble (mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi), usiitupe. Scrabble inakubali qi, ile nguvu ya uhai ya Wachina. Fupi, inapenya popote. Ila utamu uko kwenye yale Waingereza waliyochota Uarabuni, maana sisi tunayo siku nyingi: qadi ni kadhi, talaq ni talaka, faqir ni fakiri, niqab ni nikabu. Qat je? Mirungi hiyo, iliyopigwa marufuku hapa Tanzania (watoto wakiuliza, shauri yako). Q ina pointi 10, kwa hiyo itafutie mraba unaozidisha herufi mara tatu. Iraq usiiweke, majina ya nchi hayaruhusiwi.