Mita moja, vyumba vinane: stima ya friza alipe nani?

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Nina nyumba ya vyumba vinane Mishomoroni, Mombasa, niliachiwa na marehemu baba. Kila chumba nakodisha shilingi 4,000 kwa mwezi. Mita ya Kenya Power ni moja tu, ya tokeni, na kila mpangaji huchanga 500 za stima. Mwaka huu mama wa chumba cha tatu ameleta friza, auza barafu na maji baridi. Sasa tokeni haifiki tarehe 20, na wenzake wamegoma kuchanga. Yeye asema ametoa 500 yake kama wengine, hadaiwi. Je, nitie mita ndogo kila chumba? Na asipokubali, naweza kumkatia stima? – Mwenye nyumba, Mishomoroni

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Huyo mama hajakosea: mlikubaliana 500, na 500 ametoa. Kilichoharibika ni mpango wenyewe, ambao ulifaa siku zile kila chumba kilipokuwa na taa, feni na redio. Mita ndogo zitasaidia, lakini kuna mambo mawili ya kufanya kabla hujatoa pesa dukani.

La kwanza, jua friza inakula kiasi gani, msibishane kwa kukisia. Tazama mita yenu ya Kenya Power: ina kijitaa chekundu kinachomweka, na karibu yake pameandikwa nambari pamoja na herufi imp/kWh. Tuseme ni 1000. Maana yake kijitaa kikimweka mara 1,000, yuniti moja imekwisha. Waombe wapangaji wote wazime vyombo vyao kwa dakika tano, friza peke yake ibaki inanguruma, kisha uhesabu. Ikimweka mara tatu kwa dakika, ni mara 180 kwa saa, yaani yuniti 0.18. Kwa joto letu, na mfuniko unaofunguliwa na kila mtoto anayekuja kununua barafu, si ajabu mota ikazunguka saa 16 kwa siku. Hapo ni karibu yuniti 86 kwa mwezi.

Sasa chukua ujumbe wa tokeni yako ya mwisho, ugawanye pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata. Kama 1,000 ilileta yuniti 36, kila yuniti imekugharimu karibu shilingi 28, pamoja na ushuru na makato yote. Friza basi ni kama shilingi 2,400 kwa mwezi. Fanya hesabu hii mbele ya huyo mama mwenyewe na wapangaji wawili watatu. Mtu akijionea kijitaa kikimweka, maneno hupungua.

Na hapo hapo kuna hasara nyingine ambayo wenye nyumba wengi hawaioni. Wateja wa nyumbani wa Kenya Power wamepangwa kwa madaraja: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, wanaozidi 30 hadi 100, na wanaopita 100. Hutazamwa wastani wa miezi mitatu, na ukishapanda daraja, yuniti zako zote zinauzwa kwa bei ya huko juu, si zile zilizozidi pekee. Chumba chenye feni ya wati 60 inayozunguka saa kumi, taa ya wati 9 na televisheni ndogo ya jioni hakifiki yuniti 30 kwa mwezi. Kingekuwa na mita yake kingenunua kwa bei ya chini kabisa. Lakini mkijumuika vyumba vinane kwenye mita moja, mmepita 100 kabla hata ya friza kuja. Bibi wa chumba cha mwisho anayewasha taa moja ananunua stima kwa bei ya mkubwa.

Mita ndogo haiwezi kuondoa hilo. Itakuonyesha nani katumia nini, lakini yuniti bado zitanunuliwa kwenye mita kubwa, kwa bei ile ile. Kwa hiyo ningekuwa wewe ningeanza kwa kukiombea chumba cha tatu mita yake ya Kenya Power. Utahitaji kitambulisho, PIN ya KRA na cheti cha fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati) kuthibitisha kwamba waya za chumba ziko salama. Ombi liwe kwa jina lako, maana wapangaji huja na kuondoka na mita hubaki ukutani. Gharama mwaweza kugawana, naye huyo mama ana sababu ya kukubali: akiwa na mita yake, akiwa mwangalifu, huenda friza na chumba chote visivuke 100. Vyumba vingine saba vitie mita ndogo kwa sasa, kisha uviombee mita zao kimoja kimoja kadiri mfuko unavyoruhusu.

La pili ni waya, na hapa ndipo penye kazi. Nyumba zetu za zamani zilitiwa stima kidogo kidogo: chumba kikiongezwa, fundi anachomoa laini kwenye soketi ya jirani. Nimekuta nyumba Kisauni ambamo taa ya choo cha uani ilikula kwenye chumba cha mbele, na nyutro (waya za kurudishia stima) za vyumba vinne zilikutana kwenye kiboksi kimoja juu ya dari. Ukitia mita ndogo juu ya mchanganyiko kama huo, utapata nambari za uongo na ugomvi mpya, tena mbaya zaidi kwa sababu sasa kila mtu ana "ushahidi". Jaribio ni rahisi: zima brika (swichi ya kwenye bodi) ya chumba kimoja, zunguka nyumba nzima uone nini kimezimika. Kikizimika kitu nje ya chumba hicho, au kikibaki kitu kinawaka ndani yake, waya hazijatengana. Kila chumba kiwe na laini yake, nyutro yake na waya wake wa ardhi kutoka bodi kuu. Taa za uani na pampu ya kisima zipewe njia yao na mita yao ndogo, ile ya wote.

Wakati fundi yuko hapo, mwambie atie kinga ya kukata stima ikivuja, ile ya miliampia 30. Kuta za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu, na bafu la pamoja na swichi yenye kutu ni kifo kinachosubiri siku. Bodi iwe ya plastiki, usidanganyike na ya bati kwa kuwa ni rahisi. Hewa ya chumvi itaitoboa. Mita zote ziwekwe ukumbini mahali pamoja, kila mtu aone yake na ya mwenzake.

Namna ya kutoza: siku ya mwisho ya mwezi piga picha mita zote, itume kwenye kikundi cha wapangaji, zidisha yuniti kwa bei uliyonunulia. Usiongeze hata shilingi. Wako wenye nyumba wanaotia faida hapo, na mpangaji akigundua (naye hugundua, bei ya tokeni huonekana kwenye simu) hatakuamini tena hata kwenye kodi. Nambari ya mita kubwa itazidi kidogo jumla ya mita ndogo. Tofauti hiyo gawanyeni sawa. Ikiwa kubwa, tafuta waya unaoiba stima.

Stima iandike peke yake kwenye risiti, usiimeze ndani ya kodi. Vyumba vinane kwa 4,000 ni 32,000 kwa mwezi, 384,000 kwa mwaka, na hiyo imepita 288,000, kwa hiyo ushuru wa pango wakuhusu: asilimia 7.5 tangu Januari 2024, kwenye pango lote bila kutoa gharama, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwako ni 2,400. Ukisema "chumba ni 4,500 na stima ndani", pango lako limekuwa 36,000 na ushuru 2,700, ilhali zile 4,000 za juu umezipeleka zote kwenye tokeni.

Kumkatia? Hapana. Akishapata mita yake ya Kenya Power, na mmeandikiana kwamba hujinunulia tokeni, asiponunua yuniti zitakwisha zenyewe, hukumkatia wewe. Lakini kuzima brika ya mtu ili umkomoe au ahame, pamoja na kung'oa mlango na kuezua mabati, ni njia ya kukupeleka wewe mahakamani. Kodi isipolipwa kuna dalali mwenye leseni, kuna notisi, kuna hakimu.

Miezi iliyopita isamehe. Hukuwa na mita, huwezi kuthibitisha lolote, na hao waliogoma waambie hivyo hivyo. Andika karatasi moja ya masharti mapya, mpe kila mpangaji mwezi mzima kabla hayajaanza. Siku yenyewe ya kuanza, soma nambari ya kila mita mbele ya mwenye chumba, iandike pamoja na tarehe, naye atie sahihi.